Utumishi kwa Wote: je, polisi wana wajibu wa kumlinda mtu mmoja mmoja?

Muuza Nafaka, Nakuru

Hamjambo wote. Ninaomba msaada wa wale wanaoifahamu sheria, na pia wa wale waliowahi kukaa upande wa pili wa kaunta ya kituo cha polisi, kwa kuwa nimezunguka na swali hili tangu mwezi wa Machi bila kupata jibu la kunitosheleza.

Mdogo wangu wa kike anaishi Kaptembwo na ni fundi wa kushona nguo. Aliachana na mume wake mwaka jana. Mwanzoni mwa mwaka huu mwanamume huyo alianza kumtumia ujumbe wa simu kwamba atamkata mikono asishone tena, na usiku akawa anasimama ng'ambo ya barabara akiutazama mlango wake. Tulikwenda kituoni mara tatu katika muda wa siku kumi na mbili. Mara ya kwanza afisa wa zamu aliandika maelezo yetu nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumiwa, akaikunja, akaisukuma chini ya daftari kubwa lililokuwa mbele yake, kisha akatuambia kwamba mambo ya mke na mume huzungumzwa nyumbani. Mara ya pili tulipata nambari ya OB, lile daftari la matukio la kituo. Mara ya tatu tulifika saa mbili na nusu usiku, baada ya mtu huyo kuugonga mlango kwa bapa la panga, tukaambiwa kwamba gari halina mafuta na kwamba turudi asubuhi. Nilimsihi mdogo wangu alale kwangu, lakini watoto walikuwa kwa jirani na hakutaka kuwaacha.

Alikatwa mkono wa kulia kabla ya alfajiri. Mfupa umeunga, ila vidole viwili havikunjiki, na cherehani yake imefunikwa leso tangu siku hiyo.

Aliyemkata amekamatwa na kesi yake inaendelea, kwa hiyo swali langu halimhusu yeye. Mpwa wangu anayesoma chuoni ameniambia kwamba mahakama za Marekani zilikwisha kuamua kuwa polisi hawana wajibu wa kumlinda mtu yeyote kwa nafsi yake, bali wanalinda umma kwa jumla, na kwamba sheria ndivyo ilivyo kila mahali. Maneno yaliyo kwenye nembo ya polisi wetu ni Utumishi kwa Wote. Ninauliza kwa moyo mweupe: katika hao wote, mdogo wangu yumo au hayumo?

Wakili wa Kando ya Ziwa, Kisumu

Pole sana, dada, na umpe mdogo wako pole zangu. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako linastahili.

Mpwa wako amesema kweli kuhusu Marekani. Mwaka 1975, mjini Washington, wanawake wawili waliokuwa ghorofa ya juu walimsikia mwenzao wa chini akishambuliwa na wahalifu waliovunja mlango, wakawapigia polisi simu. Maafisa walifika, mmoja akabisha mlango, na walipokosa kuitikiwa wakaenda zao. Simu ya pili haikutumiwa gari lolote. Wanawake hao walipodhani kwamba polisi wameingia, waliita kwa sauti, na waliowasikia ni wale wahalifu, ambao waliwashikilia wote watatu kwa saa 14. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya mji huo iliamua kwamba wajibu wa polisi ni kwa umma wote, si kwa mtu fulani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuata njia inayokaribiana na hiyo mwaka 1989 na tena mwaka 2005. Hukumu hiyo ya pili ilihusu mama mmoja wa Castle Rock, katika jimbo la Colorado, ambaye mnamo Juni 1999 aliwaomba polisi mara kadhaa usiku mmoja wamtafute baba aliyewachukua binti zao watatu kinyume cha amri ya mahakama. Watoto wote watatu waliuawa. Mama yao alishindwa kesi hiyo, ingawa Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za bara la Amerika ilisema mwaka 2011 kwamba Marekani ilikuwa imekiuka haki zake na za watoto wake.

Huko, hata hivyo, ndiko kwao. Katiba yao inasomwa kama kizuizi: inaiambia serikali isikuguse, lakini haiiambii imzuie mwenzako asikuguse. Katiba yetu ya 2010 imeandikwa vingine. Kifungu cha 21 kinaitaka Serikali na kila chombo chake kuheshimu haki za binadamu na pia kuzilinda, na Kifungu cha 29 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa watumishi wa umma au kwa watu binafsi. Rudia maneno hayo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayotutenganisha na Wamarekani. Aidha, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kwenye kifungu cha 24, inataja miongoni mwa kazi za polisi kuwasaidia wananchi wanapohitaji msaada na kulinda maisha na mali. Kwa hiyo mdogo wako yumo.

Sasa, kuwamo si sawa na kudhaminiwa. Hakuna mahakama iliyowahi kusema kwamba kila anayeumizwa na jambazi anaidai Serikali. Kipimo ambacho mawakili wa nchi nyingi hukinukuu mbele ya majaji kilitolewa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 1998, katika kesi ya familia ya Osman dhidi ya Uingereza, na kinauliza mambo mawili: je, polisi walijua, au walipaswa kujua, kwamba mtu anayetambulika alikuwa katika hatari ya kweli na iliyo karibu? Na kama walijua, je, walichukua hatua zilizokuwa ndani ya uwezo wao, ambazo mtu mwenye busara angezitarajia? Familia hiyo yenyewe ilishindwa kuthibitisha sehemu ya kwanza, jambo linaloonyesha jinsi kipimo hiki kilivyo kigumu, lakini kipimo kilibaki. Afrika Kusini nayo, mwaka 2001, Mahakama ya Katiba ilimfungulia mlango mwanamke aliyeshambuliwa na mtu ambaye polisi na waendesha mashtaka walimwacha huru akisubiri kesi ya kujaribu kubaka, ikisema kwamba sheria ya kawaida, yaani ile inayotokana na hukumu za majaji, lazima ikuzwe ifanane na katiba.

Hapa kwetu tunayo hukumu ya Mahakama Kuu ya Meru ya tarehe 27 Mei 2013. Wasichana walionajisiwa waliripoti, polisi wakazembea, na Jaji Makau akaamua kwamba kuzembea huko kulivunja haki za wasichana hao wenyewe, akamwamuru Inspekta Jenerali ahakikishe uchunguzi wa kweli unafanyika. Mnamo Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hukumu juu ya ukatili wa kingono uliofanyika katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na wanne kati ya waathiriwa wanane walioshtaki wakapewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Wengine wanne hawakupata.

Tusichanganye pia wajibu mbili. Mtoto wa miezi sita aliyefariki hapa Nyalenda mnamo Agosti 2017 alikufa kwa sababu ya kipigo, na uchunguzi wa mahakama ya Kisumu uliomalizika mwaka 2019 uliwabebesha lawama maafisa wa polisi. Hapo wajibu uliovunjwa ni ule wa kutodhuru, ambao haubishaniwi na mtu. Shauri la mdogo wako ni la wajibu wa kulinda dhidi ya mkono wa mtu mwingine, na hilo linasimama au kuanguka juu ya neno moja: walijua. Ndiyo maana ile nambari ya OB ina thamani kuliko unavyodhani.

Sajini Mstaafu, Kakamega

Nilivaa sare kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa katika vituo vya magharibi. Sitamtetea aliyekunja ile karatasi. Ninaomba tu nieleze kituo kinavyoonekana saa mbili na nusu usiku ukiwa ndani yake, maana watu hudhani kwamba nyuma ya kaunta kuna jeshi.

Usiku wa kawaida mlikuwa wawili kwenye ofisi ya ripoti, mmoja kwenye seli, na wengine wachache lindoni katika benki au kwenye doria. Gari ni moja. Gari hilo hilo ndilo linaloitwa kwenye ajali ya barabara kuu, ndilo linalobeba maiti kwenda mochari, ndilo linalopeleka mahabusu kortini kukicha. Mafuta kuisha si uongo kila mara, na mwananchi anayedhani kwamba afisa amemdanganya huenda anamkosea. Ukiweka juu ya maafisa hao watatu wajibu wa kumlinda kila anayetishwa, na ukasema kwamba watashtakiwa kwa kila waliyeshindwa kumfikia, ninaogopa kwamba wataacha kuandika ripoti kabisa.

Lakini kuna jambo ambalo nilijifunza kwa uchungu. Mwaka mmoja, nikiwa konstebo, nilimrudisha mwanamke nyumbani kwa maneno yale yale mliyoambiwa ninyi, kwamba wakazungumze. Sitasema ilikuwa kituo gani. Aliletwa tena siku ya nne, na safari hiyo hakuweza kuzungumza na mtu. Tangu hapo niliandika kila kitu katika OB, hata kama mlalamishi alikuwa amelewa, hata kama nilikuwa sijamsadiki. Sababu ni rahisi: OB husomwa na mkuu wa kituo kila asubuhi, na yaliyoandikwa humo lazima mtu ayatolee majibu, ilhali karatasi iliyokunjwa haisomwi na mtu yeyote.

Na gari likikosa mafuta, simu haijakosa chaji. Afisa angeweza kuita kituo cha jirani, au kumwamsha chifu na mzee wa Nyumba Kumi. Angeweza kumkalisha mama huyo kwenye benchi la kituo hadi kupambazuke, watoto wake wakaletwa hapo na jirani. Benchi hilo halihitaji mafuta. Nimewahi kuona familia nzima ikilala juu yake.

Mwalimu wa Bungoma

Ninamshukuru Mzee kwa ukweli wake, na Wakili kwa ufafanuzi wake, lakini maneno ya wote wawili yakiwekwa pamoja yananitia wasiwasi mkubwa. Ikiwa Serikali hulaumiwa pale tu polisi walipojua, na ikiwa kujua huthibitishwa na OB, basi kituo kinachokunja karatasi ndicho kilicho salama mbele ya sheria, na kituo kinachoandika kwa uaminifu ndicho kinachojiweka hatarini. Mzembe anapata kinga kutokana na uzembe wake. Hapa Bungoma ninawajua wazazi ambao hawajawahi kupewa nambari yoyote, si kwa sababu hawakuripoti, bali kwa sababu hawakujua kwamba wanapaswa kuidai. Je, hao sheria inawaweka wapi?

Wakili wa Kando ya Ziwa, Kisumu

Mwalimu, umegusa kidonda chenyewe. Jibu limo katika maneno ambayo pengine niliyapita haraka: walijua *au walipaswa kujua*. Maneno hayo yaliwekwa kwa ajili ya karatasi iliyokunjwa. Afisa akiambiwa mdomoni na mtu aliyesimama mbele yake kwamba mwenye panga yuko mlangoni, ameshajua, na kutoandika kwake hakufuti ujuzi huo. Kinachobadilika ni ugumu wa kuthibitisha, kwa kuwa badala ya nambari moja mlalamishi atahitaji kukusanya vipande vingi: shahidi waliyeongozana naye, ujumbe wa simu, rekodi ya simu aliyopiga, kitu chochote chenye saa na tarehe. Ninakubali kwamba mzigo huo ni mzito mno kwa mtu aliyejeruhiwa, na sipendi kwamba umewekwa juu yake. Hata hivyo haumwachi mikono mitupu.

Kwa dada wa Nakuru, yapo mambo ya kufanya, na baadhi yana muda. Omba kwa maandishi nakala ya yaliyoandikwa katika OB tarehe zote tatu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Peleka malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, ambayo ina ofisi Nakuru na Kisumu na haitozi ada. Madai ya uzembe dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12 tangu tukio, na muda huo ukipita mlango huo hufungwa. Ombi la kikatiba halina ukomo wa miezi, ila ukichelewa sana bila sababu jaji atakuuliza ulikuwa wapi.

Lazima pia nikuambie jambo lisilopendeza. Hata ukishinda, mali ya Serikali haipigwi mnada. Utahitaji cheti cha amri kutoka mahakamani, na wakikaa kimya utarudi tena kortini kuomba mhusika wa malipo alazimishwe. Ninao wateja wanaosubiri. Sikuelezi haya ili ukate tamaa, bali ili usije ukakopa kwa kutegemea fedha hizo.

Mkazi wa Manyatta, Kisumu

Nami niongeze langu, kwa sababu nilipitia njia inayofanana na hiyo. Miaka michache iliyopita niliomba amri ya ulinzi katika mahakama ya hapa Kisumu chini ya Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Sikuwa na wakili wa kulipa. Akina mama wa msaada wa kisheria walinisaidia kujaza karatasi. Nilitoa nakala nne. Moja niliipeleka kituoni nikahakikisha imeandikwa katika OB na nambari yake ikanakiliwa juu ya ile karatasi yangu, moja nilimpa chifu, moja nilimwachia dada yangu, na moja niliifunga ndani ya mfuko wa nailoni nikaiweka chini ya godoro. Alipokuja usiku wa tatu nilipiga simu nikataja tarehe ya amri na nambari ya OB kabla hata ya kutaja jina langu. Walikuja. Sijui kama wangekuja bila karatasi, maana kabla yake nilikuwa nimepiga mara nyingi.

Lakini Wakili, uliposimulia habari ya yule mama wa Colorado nilishtuka, kwa sababu naye alikuwa na amri mkononi. Je, yangu ni imara kuliko yake?

Wakili wa Kando ya Ziwa, Kisumu

Ni imara zaidi, dada. Kule, majaji walisema kwamba hata amri ikiwaagiza polisi watende, mwenye amri hapati haki yake binafsi ya kudai kwamba itekelezwe. Hapa kwetu sheria hiyo ya 2015, kwenye kifungu cha 6, inamwekea polisi anayepokea malalamiko wajibu kwa mlalamishi mwenyewe: amweleze njia zote za nafuu alizo nazo, zikiwemo hifadhi na matibabu. Maneno kwamba mambo ya mke na mume huzungumzwa nyumbani hayamo mahali popote katika kifungu hicho. Ungeongeza hilo, dada wa Nakuru, katika malalamiko yako kwa IPOA, ukitaja tarehe na saa.

Sajini Mstaafu, Kakamega

Ninaafikiana na Mwalimu kuliko nilivyodhani nitaafikiana. Nilihofia kwamba wajibu ungewafanya maafisa waogope kuandika. Nikiyatafakari maneno yake ninaona kwamba hofu hiyo tayari ipo, na aliyeikunja ile karatasi aliikunja kwa sababu alijua kwamba hakuna atakayeiuliza. Akijua kwamba ataulizwa kwa jambo aliloambiwa, ameandika au hajaandika, ataandika, kwa kuwa hapo maandishi ndiyo yatakayomtetea kwamba alifanya alichoweza.

Dada, ukienda kuomba nakala usiende peke yako, na usiende wakati wa kubadilishana zamu. Nenda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umwombe mkuu wa kituo mwenyewe, na barua yako ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayobaki nayo.

Muuza Nafaka, Nakuru

Asanteni nyote, nanyi Mzee na Wakili kwa namna ya pekee. Nilikawia kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mlichoniambia.

Nilikwenda kituoni na mume wangu saa nne asubuhi na barua yetu ikapigwa muhuri. Majibu yalikuja kabla ya siku 21 kuisha. Ripoti ya pili imo, pamoja na maneno ya kwamba atamkata mikono, yameandikwa vizuri kabisa. Ya kwanza haimo. Ya usiku ule haimo pia. Ukurasa wa tarehe hiyo una mtu aliyepoteza kitambulisho saa mbili na dakika kumi, kisha unarukia saa nne na robo, mbuzi walioibwa. Katikati hapo tulikuwa sisi, tumesimama, mdogo wangu ameushika mkono wangu kwa mkono ule ambao sasa hauwezi kushika.

Nililia kwanza, kisha nikakumbuka ya vipande vyenye saa na tarehe. Tulipotoka kituoni usiku ule nilimlipa mwenye boda kwa M-Pesa kwa sababu sikuwa na pesa za mkononi. Nimeutafuta ujumbe huo nikaupata: saa mbili na dakika hamsini na mbili usiku, shilingi mia moja na hamsini. Nilimpigia kwa nambari ile ile. Anatukumbuka, na anakumbuka kwamba tulipokuwa tukipanda, afisa aliyetutoa mlangoni alimwambia atupeleke taratibu. Amekubali kuandikisha ushahidi. Ni miezi minne tangu Machi, kwa hiyo tunayo minane iliyobaki, na Jumatatu tunakwenda ofisi ya IPOA tukiwa na nakala ya OB, ujumbe wa vitisho, fomu ya P3 ambayo daktari alijaza kuhusu jeraha, na huo ujumbe wa nauli.